Ratili Ishirini na Moja na Ushuhuda Mmoja

Jumatatu asubuhi, dhoruba ilipomaliza shughuli zake na kuondoka bila kuaga, paa la nyumba ya kina Tuggle lilikuwa limepungukiwa na kipande cha ukubwa wa chumba kimoja, na chumba chenyewe kilikuwa cha Mama Opaline. Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala. Dhoruba ilikuwa na uhuru kamili wa kuchagua, ikachagua cha mama mkwe. Delmer Tuggle, mkwe mwenyewe, aliona ni vema ajitetee mapema.

"Mimi sihusiki," alimwambia mkewe.

"Nani kasema unahusika?" alijibu Raynelle.

"Umeniangalia."

"Nimekuangalia kwa sababu umesimama mbele ya jokofu. Sogea."

Fundi wa paa alikuja kabla ya saa sita, akapanda, akashuka, akafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kama daktari mwenye majibu mabaya, kisha akataja dola elfu tatu na mia nane. Kampuni ya bima ilipopigiwa simu ilitoa pole. Ilikuwa pole nzuri sana, yenye muziki kabla na muziki baada yake, lakini haikufuatana na kitu kingine chochote. Basi Delmer akatandaza turubai la buluu juu ya shimo, Mama Opaline akahamishiwa kwenye kochi la sebuleni pamoja na dawa zake za presha, na familia ikakaa mezani kula maharage na mkate wa mahindi huku kila mmoja akijifanya hafikirii boti.

Boti ilikuwa uani. Ilikuwa nyekundu, yenye kumetameta kama kucha za bibi harusi, ina miaka kumi na saba, na ndiyo kitu pekee Delmer alichopata kumiliki ambacho watu wengine walikitaka. Binamu yake, Lamar, aliitaka kuliko wote. Asubuhi ile alikwisha kupiga simu mara mbili kutoa pole.

"Pole gani," alisema Raynelle. "Kauliza kama mti umeangukia boti."

Mama Opaline aliweka kijiko chini. "Nitakwenda kwa Loretta, Ohio."

Hakuna aliyetafuna. Loretta ni binti yake mkubwa, na Ohio ni mahali ambapo watu hutia sukari kwenye mkate wa mahindi na kuinyima chai. Mama Opaline aliwahi kukaa huko wiki mbili, akarudi suketi zikimvuka.

"Mama, Ohio huiwezi," alisema Raynelle.

"Nitazoea. Watu huzoea hata jela. Boti ya mtu haiuzwi kwa ajili yangu."

Ieleweke kwamba Delmer na mama mkwe wake walikuwa wameishi pamoja miaka sita kwa adabu kubwa mno, adabu ya watu wawili wanaobeba kioo kimoja kwenye ngazi. Delmer alimwita "Bi Opaline." Mama mkwe alimwita "mume wa Raynelle," hata alipokuwa akiongea naye ana kwa ana: mume wa Raynelle, nipitishie chumvi.

"Hakuna anayekwenda Ohio," alisema Delmer, "na hakuna anayeuza boti. Jumamosi kuna mashindano."

Mashindano yalikuwa ya besi, ya kuchangia gari la zimamoto. Besi ni samaki wa kijani mwenye mdomo mkubwa kuliko akili zake, na sisi wa Cutler Shoals tunampenda kuliko inavyofaa kumpenda samaki tusiyemla: tunamvua, tunampima, tunapigwa naye picha, tunamrudisha majini. Timu ni ya watu wawili, samaki ni watano. Mshindi wa kwanza dola elfu nne. Wa pili mia tano. Wa tatu fulana.

"Na mwenzako nani?" aliuliza Raynelle. "Mimi Jumamosi niko kwenye mashine za kufua za nyumba ya wazee mpaka saa kumi na moja."

Mume na mke waligeuka wakamtazama Mama Opaline, kisha haraka sana wakarudi kutazama maharage.

"Mimi navua," alisema Mama Opaline.

"Bi Opaline, wewe unavua vidagaa vya ukingoni, kwa ufito wa mwanzi na nyenje."

"Vyangu vinaingia kwenye kikaango, mume wa Raynelle. Vyako vinaingia kwenye picha."

Walitia saini fomu jioni hiyohiyo. Mama Opaline alitia saini pale kalamu ilipoelekezwa, kwa kuwa miwani yake ilikuwa bado imefukiwa chini ya dari iliyoanguka. Hivyo hakusoma kanuni ya tisa, isemayo kwamba kuanzia Jumatatu hiyo hakuna mshindani atakayepokea habari za mahali walipo samaki kutoka kwa mtu asiye wa timu yake, isipokuwa habari za hadharani kama za gazetini na redioni. Wala hakusoma ya kumi, isemayo kwamba washindi wa kwanza watapimwa kwa mashine ya kugundua uongo. Kanuni hiyo iliwekwa baada ya mwaka mmoja ambapo besi mmoja alikutwa na chubwi sita za risasi, zile za kuzamishia mshipi, tumboni, na mwenye besi akasema huenda samaki alizila mwenyewe.

*

Jumanne Delmer alipanga fimbo nne za kuvulia nyasini, akasimama mbele yake kama mwalimu mkuu siku ya kufungua shule.

"Hii ngumu ni ya kwenye majani mazito. Mshipi wa kusuka, wa kuhimili ratili hamsini, maana besi akikimbilia majani humvuti yeye, unavuta ziwa zima. Hii laini ni ya maji maangavu, mshipi mwembamba usioonekana. Maji yakiwa ya tope, chambo cheusi. Yakiwa safi, kijani cha ganda la tikiti."

"Na huyu?" Mama Opaline alinyanyua mnyoo wa plastiki wa urefu wa kiganja.

"Huyo ndiye kila kitu. Chubwi mbele, ndoana ndani, ncha yake unaificha kwenye ngozi ya mnyoo ili isinase takataka. Unamtupa, unamwacha azame, halafu hufanyi kitu."

"Kitu gani?"

"Hufanyi kitu, Bi Opaline. Hapo ndipo watu wote wanapokosea."

"Kutofanya kitu nimekuona kwa marehemu mume wangu miaka arobaini. Endelea."

Alimfundisha kulowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwani mshipi mkavu huungua kwa msuguano na kukatika siku ya samaki mkubwa. Alimfundisha kupitisha mshipi katikati ya vidole kila baada ya kuvua, akisikia kikwaruzo akate na kufunga upya, asione uchungu. Alimfundisha kutokanyaga kwa kishindo botini. Mama Opaline alirusha mnyoo kuelekea karai la kufulia hatua kumi na tano mbele. Mara ya kwanza alipata mfereji wa paa. Mara ya pili alipata kofia ya Delmer, iliyokuwa kichwani mwa Delmer. Mara ya nane mnyoo ulitua karaini bila hata kurusha maji, na mara ya tisa na ya kumi vilevile.

"Sasa, akiuma, utasikia tiki-tiki, kama mtu anagonga mlango wa jirani. Usivute! Shusha fimbo, kaza mshipi uliolegea, ndipo uvute. Kwa kiuno, si kwa mikono."

"Kiuno changu kina miaka sabini na moja."

"Basi vuta kwa hasira."

"Hiyo ninayo," alisema Mama Opaline, na kwa mara ya kwanza tangu dhoruba, Delmer alicheka.

*

Jumatano jioni Delmer alibaki nyumbani kutengeneza taa za trela, na Mama Opaline akaenda kwenye maombi. Mchungaji Verlon Tidmore, ambaye pia ni mkuu wa mashindano, mkuu wa zimamoto na kinyozi, alifungua kwa onyo alilolitoa kila Jumatano tangu Februari: yanayosemwa kwenye maombi yabaki kwenye maombi. Februari ndipo Lamar alipoomba aombewe kabla ya kufanyiwa upasuaji mahali fulani pa kukalia, na kufikia Ijumaa, kwa hisani ya wanawake wa saluni, kaunti tatu zilikuwa zikimletea mito.

Kisha Ndugu Hoyt Pelfrey akasimama kutoa ushuhuda. Huyu ni mzee wa miaka themanini anayesema uongo kuhusu samaki tu, na katika mambo mengine yote ni mkweli kupindukia.

"Namshukuru Bwana," alisema, "kwa besi wa ratili saba, asubuhi ya leo."

Mchungaji alikohoa.

"Kwenye ule uzio wa zamani uliozama, pale nguzo zinapokutana na kona ya barabara ya zamani. Futi kumi na mbili, pembeni pa kivuli."

Mchungaji alikohoa kwa nguvu zaidi. Hoyt alimtupia pipi ya koo na kuendelea. "Kwa mnyoo tu, ndugu zangu. Polepole. Bwana ni mwema."

"Amina," walisema watu, na hakuna aliyemwamini. Washindani wa Jumamosi waliokuwemo hawakupungua kumi na wawili, akiwemo Lamar aliyekuwa akipitisha kikapu cha sadaka, na wote walizipokea habari zile kama walivyozipokea habari za Hoyt kwa miaka hamsini. Ila mtu mmoja alikaa wima kwenye kiti. Ule uzio ulikuwa wa baba yake Mama Opaline. Alikuwa na umri wa miaka kumi bonde lile lilipofungwa kwa bwawa na shamba lao likaingia majini, na hakuwa ameukumbuka uzio ule kwa miaka sitini.

*

Jumamosi walianza kwa kanuni. Alfajiri walitupa chambo kinachoelea na kutema maji kwenye ukingo wa majani, maana saa hiyo besi hula juu. Jua lilipopanda wakahamia kwenye vivuli vya magati, wakitupa chambo mbali kabisa ndani ya kivuli. Delmer alieleza kila jambo mara mbili. Kufikia saa nne tangi la boti lilikuwa na samaki watatu ambao kwa pamoja hawakufika ratili sita, na maelezo yakawa yamemwishia.

Boti ya Lamar ilipita kwa kasi ikawarushia mawimbi hadi magotini. "Delmer!" alipiga kelele. "Huyo uliyembeba ni mkwe au nanga?"

Delmer alikaa akautazama usukani wa boti yake kama mtu anayemtazama farasi kabla hajaja mnunuzi.

"Mume wa Raynelle," alisema Mama Opaline, "twende kwenye uzio wa kina Bledsoe."

"Kina Bledsoe ndio nani?"

"Ndio sisi. Kwetu, kabla ya bwawa. Nguzo zipo chini, zinafuata barabara ya zamani mpaka konani."

"Na hukusema tangu asubuhi?"

"Ulikuwa unafundisha."

Jina la Hoyt hakulitaja. Haikuwa hila. Mtu yeyote wa Cutler Shoals anajua kwamba ukitaka shauri la uvuvi likataliwe, anza kwa kusema umelipata kwa Hoyt Pelfrey.

Waliufikia uzio kwa injini ndogo ya umeme, taratibu, Delmer akisoma nguzo moja moja kwenye kioo cha kuonyeshea kina. Mama Opaline alitupa mnyoo upande wa kivuli. Ukazama. Hakufanya kitu. Aliendelea kutofanya kitu kwa ustadi ambao marehemu mumewe angeuonea fahari.

"Yupo mtu mlangoni," alinong'ona.

"Usivute! Shusha fim..."

"Nyamaza."

Alishusha, akakaza, akavuta kwa hasira yote ya turubai, ya kochi na ya Ohio. Maji yalipasuka hatua ishirini mbele na besi akatoka mzima hewani, mdomo wazi, akitikisa kichwa kama mtu anayekataa ankara.

"Mama! Usimlegezee! Mama, shusha fimbo akiruka! Shusha! Sasa vuta! Ee Mungu, Mama, mguu wangu huo!"

Delmer alipiga magoti na wavu, akateleza, akamkinga samaki akiwa amelala kifudifudi. Ratili saba kasoro. Walitazamana. Hakuna aliyegundua kwamba alikuwa amemwita Mama mara tatu, kwa kuwa wakati huo mshipi wa Delmer ulianza kutembea wenyewe.

Walivua wengine sita. Waliwarudisha majini wale wadogo wa asubuhi, kama wafanyavyo wote, wakabaki na watano walio bora. Delmer alitia chupa za barafu kwenye tangi ili maji yabaki baridi, kwani kila samaki afikaye amekufa huipunguzia timu wakia nne, na alimkataza Mama Opaline kufunua kifuniko kuwaangalia. Alikifunua mara kumi na moja.

*

Ratili ishirini na moja na wakia mbili. Mchungaji Verlon aliisoma kwa kipaza sauti, kisha akaisoma tena, kwa kuwa watu walidhani amekosea. Lamar, aliyekuwa akiongoza kwa ratili kumi na tisa, alishuka jukwaani akitabasamu kwa meno tu. Delmer alimwinua mama mkwe wake mbele ya mji mzima, kitendo ambacho hajawahi kumfanyia mtu yeyote mwenye uzito wa zaidi ya ratili tisini, na mgongo wake ulisikika.

Kupimwa na mashine ilikuwa zamu ya mmoja wa timu, na sarafu iliporushwa ikamwangukia Delmer. Mashine ilikuwa ndani ya gari la kambi la askari mstaafu, chini ya mti wa hikori. Mama Opaline alipewa fomu ya maswali aishike, na kwa kuwa sasa alikuwa na miwani, aliisoma. Alisoma swali la tatu mara mbili. Je, wewe au mwenzako mlipokea habari za mahali walipo samaki?

Delmer alikuwa ameshapanda ngazi ya kwanza. "Shika kofia yangu, Mama. Narudi na paa."

"Delmer," alisema Mama Opaline.

Hajawahi kumwita kwa jina. Delmer alishuka.

"Hoyt Pelfrey aliusema ule uzio. Jumatano, kwenye ushuhuda. Nami nilisikia."

Delmer alitikisa kichwa. "Lakini ni kwenu. Umekulia pale."

"Nimekulia pale. Ila nilikuwa nimesahau kama una nguzo hata moja, mpaka Hoyt alipofungua mdomo."

"Mama." Alishusha sauti. "Ungengoja dakika kumi tu. Mimi nilikuwa sijui kitu. Mashine ingeniona mweupe kama maziwa."

"Najua. Nilizifikiria hizo dakika kumi. Ningekaa hapa, wewe utoke umefurahi, halafu ulale miaka yote chini ya paa ambalo mimi peke yangu ndiye najua limetoka wapi. Nikaona siwezi. Nisamehe. Nimekupotezea boti yako."

Delmer aliichukua kofia yake, akaivaa. Alitazama boti yake nyekundu gatini, akamtazama mama mkwe wake, viatu vyake vya kanisani vimelowa hadi vimebadilika rangi. Kisha akapanda jukwaani na kuchukua kipaza sauti.

"Mchungaji, timu yetu ilipokea habari. Niliyezipokea ni mimi."

"Kutoka kwa nani?"

"Sikumbuki."

"Mwizi!" alipiga kelele Lamar. "Nilijua mimi! Ratili ishirini na moja? Delmer hakufika hata ratili tano siku aliyozaliwa!"

Watu walianza kunung'unika, na wengine, lazima isemwe, kucheka. Shingo ya Delmer ilikuwa nyekundu kama boti. Aliendelea kusimama. Lakini kipaza sauti hakikukaa mkononi mwake.

"Huyu anadanganya," alisema Mama Opaline, akihema kwa ngazi, "na hana hata kipaji. Habari nilizipata mimi, kanisani, kwa Hoyt Pelfrey. Mkwe wangu alikuwa nyumbani anatengeneza taa. Hakujua lolote mpaka sasa hivi."

"Mama, teremka."

"Teremka wewe."

Ndugu Hoyt, nyuma kabisa, alisimama juu ya kiti chake cha kukunja. "Kwa hiyo wapo kweli?" alisema kwa mshangao mkubwa. Inaonekana hata yeye hakuwa na hakika.

Sasa ulizuka mjadala wa kitheolojia ambao Cutler Shoals haijapata kuuona. Watu wa upande wa Delmer walisema kanisa ni hadharani, maana mlangoni pameandikwa Wote Mnakaribishwa, na habari za hadharani zinaruhusiwa. Lamar alisema maombi ya Jumatano ni siri, na Mchungaji mwenyewe amelisema hilo tangu Februari. Wote wakamgeukia Mchungaji Verlon. Maskini alisimama na kitabu cha kanuni mkono mmoja na taulo la samaki mkono mwingine. Akisema ni hadharani, paa linarudi, lakini na kila siri ya kila Jumatano inakuwa mali ya saluni. Aliwatazama wanawake wa saluni. Walikuwa wakingoja kwa hamu kubwa.

"Yanayosemwa kwenye maombi," alisema hatimaye, bila furaha, "si ya hadharani. Pole sana, Delmer. Pole, Mama Opaline. Mmetolewa."

Lamar aliruka. Alimkumbatia mwenzake, akamkumbatia mtu asiyemjua. "Elfu nne!" alisema.

"Njoo ujaze fomu kwanza," alisema Mchungaji. "Swali la tatu. Lamar, Jumatano ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwa Hoyt. Ulishika kikapu."

Lamar alibaki na mikono juu.

"Sikumsikiliza! Nani anamsikiliza Hoyt?"

"Hilo kaiambie mashine."

Lamar alilitazama gari la kambi. Alitazama ngazi zake tatu. Hakwenda. Wa tatu alipoitwa alisema kwa sauti ndogo kwamba naye alikuwepo, safu ya nne. Wa nne alikuwa akipiga kinanda. Wa tano ndiye aliyeitikia amina kwa nguvu kuliko wote. Zawadi iliteremka jedwalini ngazi kwa ngazi, ikiwaruka wacha Mungu mmoja baada ya mwingine, mpaka ikatua kwa nafasi ya saba, kwa Wamethodisti wawili wenye ratili kumi na moja, ambao Jumatano walikuwa wakicheza boliboli.

*

Samaki walipaswa kurudishwa majini, washindi na walioshindwa sawa. Mama Opaline aliingia ziwani hadi katikati ya miundi akiwa amemshika yule mkubwa, na Delmer alisimama kando yake.

"Usimwachie tu. Mwelekeze kichwa kwenye mawimbi, mshikilie mpaka avute mkono mwenyewe."

"Bado unafundisha."

"Ndiyo kazi niliyobaki nayo."

Walingoja. "Nitampigia Loretta leo," alisema Mama Opaline. "Kuna basi Jumanne."

Nyuma yao kokoto zililia. Alikuwa Lamar na ndoo ya samaki wake watano, amenywea kama hema lililong'olewa vigingi. Aliwamwaga majini bila sherehe. Alijikuna shingo.

"Delmer. Ile boti. Elfu tatu na mia nne, leo hii, taslimu."

"Haiuzwi," alisema Mama Opaline.

"Inauzwa," alisema Delmer.

"Delmer!"

"Mama, tulia. Boti niliinunua. Wewe nilipewa bure, pamoja na Raynelle, na wala hakuna ofisi ya kukurudisha." Alisema hayo akilitazama ziwa, upesiupesi, kama mtu anayesoma namba ya simu. "Nani atanikaanga kwa maneno nikiamka? Loretta? Hapana. Nimeshaamua."

Besi naye alichagua dakika hiyo kuvuta mkono: alipiga mkia mara moja, akamrushia maji uso mzima, akatoweka. Mama Opaline alijifuta kwa mkono wa sweta, macho kwanza, na alichukua muda kuliko maji yalivyohitaji. Kisha akamgeukia Lamar.

"Elfu nne na mia moja."

"Bi Opaline! Ina mikwaruzo!"

"Mikwaruzo yake leo imekushinda kwa ratili mbili, mbele ya watu. Elfu nne na mia moja."

"Elfu tatu na mia sita."

"Lamar, umekaaje siku hizi? Pameshapona? Maana naona wanawake wa saluni wako pale, wananipungia mkono."

"Elfu tatu na mia tisa," alisema Lamar haraka.

"Na lile neno ulilomwita mkwe wangu."

Lamar aliangalia huku na huku. "Samahani, Delmer," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Hakusikia vizuri," alisema Mama Opaline. "Ulipomwita mwizi ulisikika mpaka gatini."

"Samahani, Delmer!" Hata Wamethodisti waligeuka.

Delmer alimkabidhi ufunguo. Alimwonyesha swichi ya pampu inayokwama, akamwambia injini ikiwa baridi isilazimishwe, akamwambia tangi liwekwe barafu. Alimwambia mambo mengi. Lamar, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu mwenye pesa na asiye na samaki, alisikiliza yote bila kukatiza.

*

Raynelle alirudi kazini saa kumi na moja na nusu, mikono inanuka sabuni, akaliona gari la mumewe uani likiwa peke yake. Alisimama mlangoni. Delmer na mama yake walikuwa wamekaa mezani bega kwa bega mbele ya sufuria ya karanga za kuchemsha, wakibishana kama mnyoo mweusi ungefaa zaidi.

"Ungefaa kwenye tope, Mama. Pale maji yalikuwa maangavu."

"Besi hana muda wa kutazama rangi, Delmer. Ana njaa."

Raynelle aliwatazama kwa zamu, kwanza kwa sababu ya majina waliyoitana, kisha kwa sababu ya jambo lingine.

"Tumeshinda?"

"Hapana," walisema wote wawili.

"Na boti iko wapi?"

Mama Opaline alimenya karanga, akaiweka kwenye sahani ya Delmer, akanyoosha kidole juu, palipokuwa pakipigapiga turubai la buluu.

"Fundi anaipandisha Jumatatu," alisema. "Nawa mikono, ule."